Missouri, Novemba 2024: Haki Ilipita, Mgombea Wake Akaanguka

Jumanne ya tarehe 5 Novemba 2024, mpigakura wa Missouri alikabidhiwa karatasi ndefu. Juu kabisa palikuwa na wagombea urais, kisha seneta, gavana na wengineo, na chini huko maswali ya kura ya maoni. Mojawapo liliitwa Pendekezo A. Liliuliza kama kima cha chini cha mshahara kipandishwe kutoka dola 12.30 kwa saa hadi 13.75 Januari 2025 na 15 Januari 2026, na kama mfanyakazi apate saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 anazofanya kazi. Kura zilipohesabiwa, Donald Trump alikuwa na asilimia 58.5. Pendekezo A lilikuwa na karibu 58.

Tuzitazame namba hizo taratibu. Kamala Harris, mgombea wa Democratic, aliambulia asilimia 40 hivi. Hata tukikubali kwamba kila aliyempigia Harris aliandika ndiyo kwenye Pendekezo A, na haiwezekani wote waliandika hivyo, bado zilihitajika kura nyingine 17 au 18 katika kila mia. Hizo hazikuwa na pa kutoka ila kwa watu wa Trump. Kwa hesabu ya chini kabisa, zaidi ya robo ya waliomchagua Trump waliteremka kwenye karatasi ileile, kwa kalamu ileile, wakataka mshahara wa dola 15 na siku za kuugua bila kukatwa pesa.

Wanasiasa wa mrengo wa kati-kushoto Marekani wamebishana miaka mingi juu ya upopulisti, yaani siasa za kusimama na mwananchi wa kawaida dhidi ya wenye fedha na wakubwa. Wapo wanaosema Chama cha Democratic kikirudi kwenye lugha hiyo kitawapata tena wafanyakazi waliokikimbia. Wapo wanaosema lugha hiyo huwatisha wapigakura wa katikati. Missouri imetoa jibu, na ninaliona ni zito kwa pande zote mbili. Watu walikubali haki yenyewe. Hawakukiamini chama kinachosema ni chake. Kisha wale waliowachagua siku hiyohiyo wakaichukua nusu ya haki hiyo kabla mwaka haujaisha.

Kwanza tuelewe kilichokuwa kinaombwa. Kima cha chini cha taifa Marekani ni dola 7.25 kwa saa, na hakijaguswa tangu Julai 2009. Kila jimbo lina ruhusa ya kuweka kikubwa zaidi. Likizo ya ugonjwa yenye malipo haimo kabisa katika sheria ya taifa kwa wafanyakazi wa sekta binafsi. Mtu anayefanya kazi jikoni kwenye mgahawa akiamka na homa ana mambo mawili tu: aende akapike chakula cha watu huku anatetemeka, au abaki kitandani na mshahara wa siku hiyo uende. Mama ambaye mtoto wake ametapika usiku kucha yuko palepale. Pendekezo A lilisema mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi atoe hadi saa 56 kwa mwaka, na mdogo kuliko huyo hadi saa 40. Ukizigeuza kuwa siku za kazi za saa nane, ni siku saba, au siku tano. Hayo ndiyo yaliyoitwa makubwa mno.

Nasisitiza udogo wake kwa sababu haki za kiuchumi zikizungumzwa kwa jumla husikika kama ndoto ya wasomi. Hapa zilikuwa siku saba. Na wanaoguswa na sheria za namna hii wamo pia wasemaji wa Kiswahili. Kansas City, St. Louis na Columbia kuna familia za Kikongo zilizofika kama wakimbizi, na kazi ya mwanzo ya mkimbizi Marekani kwa kawaida ni ya kulipwa kwa saa, maghalani, hotelini au kwenye viwanda vya nyama.

Missouri si mahali pageni kwa siasa hizi. Februari 1892, vyama vya wakulima na wafanyakazi vilikutana St. Louis kutengeneza msingi wa Chama cha Watu, na wafuasi wake ndio walioitwa mapopulisti mara ya kwanza. Miaka minne baadaye chama hicho kilirudi St. Louis kumteua William Jennings Bryan, ambaye tayari alikuwa mgombea wa Democratic, na kikamezwa humo. Nusu karne ilipopita, Januari 1944, Rais Franklin Roosevelt alilihutubia taifa akitaka orodha ya pili ya haki: haki ya kazi yenye kipato cha kutosha, ya nyumba, ya matibabu, ya elimu, ya kinga dhidi ya uzee, ugonjwa na ukosefu wa ajira. Akafariki Aprili 1945. Aliyeachiwa mzigo huo alikuwa mtu wa Missouri, Harry Truman wa Independence.

Kilichompata Truman kinafaa kukumbukwa katika kisa hiki. Mswada wa ajira kwa wote ulianza ukitamka kwamba kila Mmarekani anayeweza na anayetaka kufanya kazi ana haki ya kuipata. Ulipotoka Bungeni mwaka 1946, neno haki lilikuwa limeondolewa. Likabaki lengo la kukuza ajira kadiri inavyowezekana. Mwaka 1947 Bunge likapitisha sheria ya Taft-Hartley, Truman akaikataa, Bunge likaipitisha juu ya kura yake ya turufu. Ndani yake mlikuwa na kifungu kinachoruhusu majimbo kupiga marufuku mkataba unaomtaka kila mfanyakazi anayenufaika na mapatano ya chama cha wafanyakazi achangie gharama zake. Sheria hizo zimepewa jina tamu, haki ya kufanya kazi, ingawa hazimpi mtu kazi yoyote. Zinachopunguza ni mfuko wa chama. Bima ya afya ya taifa nzima ambayo Truman aliiomba haikupita. Rais Lyndon Johnson alipotia sahihi Medicare, bima ya wazee, mwaka 1965, alisafiri hadi Independence aifanyie mbele ya Truman, naye mzee akapewa kadi ya kwanza.

Kwa hiyo haki za kiuchumi zina mizizi pale, na kile kifungu cha 1947 ndicho kilichokuja kuiwasha Missouri ya leo.

Februari 2017 gavana Eric Greitens, wa Republican, alitia sahihi sheria ya haki ya kufanya kazi. Katiba ya jimbo inawapa wananchi njia ya kuisimamisha sheria: wakusanye sahihi za kutosha, na sheria isubiri kura ya wote. Vyama vya wafanyakazi vilihitaji sahihi laki moja na kidogo. Vikapeleka zaidi ya laki tatu. Wabunge wakaivuta kura hiyo kutoka Novemba 2018 hadi Agosti, mwezi ambao kwa kawaida wapigakura huwa wachache. Hesabu hiyo haikuwasaidia. Karibu watu milioni 1.4 walipiga kura, na theluthi mbili wakaikataa sheria, hata katika kaunti nyingi za mashambani ambazo miaka miwili nyuma zilikuwa zimempa Trump ushindi mnono.

Huo mwaka 2017 kuna jambo jingine la kulikumbuka. Mji wa St. Louis ulikuwa umepandisha kima chake cha chini hadi dola 10, baada ya kesi ndefu mahakamani. Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuizuia miji kuweka kima chake, na tarehe 28 Agosti 2017 kima cha St. Louis kikarudi dola 7.70. Watu walikuwa wameshapokea dola 10 kwa miezi kadhaa. Sijui neno la upole la kuiita hali hiyo. Ilikuwa pesa iliyotolewa mezani kwa mtu aliyekwisha kuipangia kodi ya nyumba.

Jibu likaja Novemba 2018, tena kwa kura ya maoni. Asilimia 62 walikubali kima cha jimbo zima kipandishwe hatua kwa hatua hadi dola 12 ifikapo 2023. Siku hiyohiyo seneta Claire McCaskill wa Democratic, aliyejitambulisha muda wote kama mtu wa katikati, alishindwa na Josh Hawley wa Republican kwa takriban pointi sita. Agosti 2020 wapigakura wakaingiza katika katiba ya jimbo upanuzi wa Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, kwa asilimia 53. Wabunge walikataa kuutengea fedha. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Missouri ikasema kwa kauli moja kwamba upanuzi huo ni halali, na watu wakaanza kuandikishwa.

Mtu anayesoma mfululizo huu atauliza: kama wananchi hawa wanataka haya yote, mbona hawachagui chama kinachoyaunga mkono?

Jibu jepesi la watu wa kushoto ni kwamba wagombea wa Democratic hawajasema kwa sauti ya kutosha. Missouri iliwahi kulijaribu jibu hilo. Mwaka 2024 chama kilimsimamisha Lucas Kunce dhidi ya Hawley. Kunce alikuwa mwanajeshi wa zamani wa Marines, mzaliwa wa jimbo, anayezungumza dhidi ya makampuni makubwa yanayohodhi masoko, kwa lugha ambayo Chama cha Watu cha 1892 kingeielewa. Alipata karibu asilimia 42. Alimpita Harris kwa pointi moja na ushei tu. Pendekezo A lilimwacha nyuma kwa pointi 16 hivi. Kwa hiyo sauti peke yake haikutosha, na anayeshikilia kwamba mgombea mkali zaidi angefagia kila kitu anapaswa kukaa na namba hiyo kidogo.

Jibu jepesi la watu wa katikati nalo halisimami. McCaskill alikuwa mfano wao, naye akaanguka wakati pendekezo la mshahara linapata asilimia 62. Kama wapigakura wa Missouri wangekuwa wanaogopa siasa za mshahara na haki, wangeanza kwa kulikataa pendekezo lenyewe.

Mimi naona sababu iko kwenye uaminifu, na uaminifu huharibika kwa matendo. Tarehe 5 Machi 2021 Democratic walikuwa na Ikulu na mabunge yote mawili ya taifa. Pendekezo la seneta Bernie Sanders la kima cha dola 15 lilipelekwa Seneti na kupata kura 42 dhidi ya 58. Kati ya waliolikataa walikuwamo maseneta wanane wa kambi ya Democratic. Mwaka huohuo walipanua ruzuku ya watoto: dola 3,600 kwa mwaka kwa mtoto wa chini ya miaka sita na 3,000 kwa mkubwa, sehemu yake ikiingia benki kila mwezi kuanzia Julai hadi Desemba. Umaskini wa watoto kwa kipimo cha ziada cha serikali, kinachohesabu pia ruzuku, ukashuka hadi asilimia 5.2. Kisha hawakupata kura za kuiendeleza, seneta wao Joe Manchin akagoma, ruzuku ikaisha, na mwaka 2022 kipimo kilekile kikasoma 12.4.

Jiweke kwenye nafasi ya mzazi. Kwa miezi sita fedha zimeingia, hujaomba, hujapanga foleni. Mwezi uliofuata kimya. Hakuna aliyekuja kukueleza nani alizizuia. Unalokumbuka ni kwamba zilikuja na zikaondoka wakati Democratic wanatawala. Mtu huyo ukimwambia chama hiki ni cha haki yako, atakusikiliza kwa adabu kisha afanye anavyojua.

Kura ya maoni ni kitu kingine. Haina chama pembeni yake. Haina mgombea wa kukukera kwa misimamo yake juu ya bunduki, mipaka au dini. Ukisema ndiyo na wenzako wakitosha, kima kinapanda tarehe iliyoandikwa. Mwaka 2018 ilikuja kwako kupitia fundi mwenzako wa chama cha wafanyakazi aliyebisha hodi mlangoni, mtu mnayekutana naye kanisani au kwenye mechi ya watoto. Hapo ndipo Democratic walipopungukiwa zaidi katika jimbo hilo. Barack Obama alilikosa Missouri mwaka 2008 kwa kura zisizofika 4,000. Miaka kumi na sita baadaye chama chake kinalikosa kwa pointi 18. Katika miji midogo mingi alama yao imebaki kuwa tangazo la televisheni wakati wa uchaguzi.

Republican waliiona nafasi hiyo. Septemba 2023 wafanyakazi wa magari walipogoma kwenye kiwanda cha Wentzville, Missouri, Hawley alikwenda kusimama nao. Juni 2025 alipeleka Seneti, pamoja na Peter Welch wa Democratic, mswada wa kima cha dola 15 kwa taifa zima. Mwezi uliotangulia alikuwa ameandika gazetini kwamba kuikata Medicaid ni kosa kimaadili na ni kujiua kisiasa. Julai aliipigia kura ya ndiyo sheria kubwa ya Trump iliyoipunguza Medicaid. Nayasema haya yote kwa pamoja kwa sababu yote ni kweli. Mshahara wa dola 15 aliuunga mkono kwa kalamu, na kiwandani alikwenda kwa miguu yake. Lakini upopulisti wa namna hii huishia pale ambapo chama kinadai kura, na mgonjwa wa Medicaid wa Missouri ndiye anayelipa tofauti.

Sasa turudi kwenye Pendekezo A. Januari 2025 kima kilipanda hadi 13.75 kama ilivyoandikwa. Vyama vya wafanyabiashara vilikuwa vimelipeleka mahakamani, na mwishoni mwa Aprili Mahakama ya Juu ya jimbo ikalithibitisha. Tarehe 1 Mei saa za ugonjwa zikaanza kuhesabiwa. Wiki mbili baadaye Seneti ya jimbo, yenye Republican wengi kupindukia, ilitumia hoja adimu ya kufunga mjadala, ikaunyamazisha upinzani na kupitisha mswada wa kuifuta likizo hiyo. Mswada huo ulifuta pia kipengele cha kupandisha kima kila mwaka kulingana na bei za vitu baada ya 2026. Gavana Mike Kehoe akautia sahihi Julai. Ukaanza kufanya kazi tarehe 28 Agosti 2025, tarehe ileile ambayo miaka minane nyuma ilishusha mshahara wa St. Louis.

Waliotetea hatua hiyo walisema sheria moja haiwezi kuwafaa waajiri wote, kwamba duka dogo haliwezi kubeba uhasibu wa saa za likizo kama kampuni kubwa, na kwamba mwajiri na mfanyakazi wapatane wenyewe. Hoja ya duka dogo ina uzito, na mtu aliyewahi kuendesha biashara ya watu wanne anaielewa. Ila Pendekezo lilikuwa limewapa wadogo kiwango chao cha chini. Kama shida ilikuwa uhasibu, Bunge lilikuwa na uwezo wa kurekebisha uhasibu. Walifuta haki nzima, kwa mwajiri wa watu wanne na wa watu elfu nne.

Aliyefanya kazi saa 40 kwa wiki kuanzia 1 Mei hadi 28 Agosti alikuwa amejiwekea saa 22 hivi. Siku tatu zisizotimia.

Tofauti ya hatima ya Medicaid na ya likizo ya ugonjwa ndiyo somo la kiufundi la kisa hiki, na wanasiasa wengi wa kati-kushoto hulipita haraka. Missouri ina njia mbili za wananchi kutunga sheria. Sheria ya kawaida hutaka sahihi za asilimia tano ya wapigakura wa uchaguzi wa gavana katika wilaya sita kati ya nane za Bunge la taifa. Kubadili katiba hutaka asilimia nane. Katiba ni ghali zaidi, sahihi ni nyingi zaidi. Lakini sheria ya kawaida, hata ikipata kura karibu milioni 1.7 kama Pendekezo A, Bunge la jimbo linaweza kuifuta kwa wingi wa kawaida. Medicaid ilikuwa katika katiba, wabunge wakaipiga vita wakashindwa. Likizo ya ugonjwa ilikuwa sheria ya kawaida, ikadumu miezi minne. Lilitendeka jambo lilelile la 1946: neno haki likaondolewa na watu waliokuwa na kiti, kwa sababu halikuwekwa mahali wasipofikia.

Hata kabla gavana hajatia sahihi, watetezi wa likizo walikuwa wameshapeleka rasimu ya kuiweka katika katiba. Mbele yao umewekwa mlima mpya. Septemba 2025, katika kikao maalumu kilichoitishwa pia kuchora upya wilaya za uchaguzi, Bunge la Missouri liliamua kuwapelekea wananchi pendekezo lake lenyewe: mabadiliko ya katiba yanayoletwa na sahihi za wananchi yasitoshe kupata wingi wa jimbo, yapate wingi katika kila wilaya kati ya zile nane. Yanayoletwa na Bunge yaendelee kupita kwa wingi wa kawaida. Suala hilo limepangiwa kura Novemba 2026, na ili lipite linahitaji nusu ya kura na moja ya ziada, kwa jimbo zima.

Januari 2026 kima kilipanda hadi dola 15, kama kura ya 2024 ilivyoagiza. Mpishi wa mgahawa anayelipwa kima hicho, akiamka na homa akabaki kitandani siku nzima, atakatwa dola 120.